Wasichana Wetu Si Walinzi wa Mikoba



Leo tunasema bila kuzunguka. Skuli zikienda matembezi ya pwani, Paje au Nungwi, wavulana huingia majini. Wanaogelea, wanateleza na mbao juu ya mawimbi, wanakimbizana mpaka jua kuchwa. Wasichana wanakaa mchangani kulinda mikoba. Na pesa ya gari wamelipa sawasawa!

Ukiuliza, unaambiwa stara. Stara gani? Mama zao wamo baharini humo humo tangu kilimo cha mwani kilipoanza 1989, maji kiunoni, na wengi wao hawajui kuogelea. Sisi ni watu wa kisiwani, hata kwenda Dar tunapanda boti. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander, tukazika mamia. Julai 2012 ikafuata Skagit. Hatusemi kuogelea kungemwokoa kila mtu, ajali ni kudra. Lakini kumnyima mtoto ujuzi huo halafu ukasingizia dini, hapana.

Ummu Haram bint Milhan alimwomba Mtume (SAW) amwombee awe miongoni mwa watakaosafiri baharini, naye akamwombea. Hakumwambia abaki nchi kavu.

Kama shida ni nguo, hiyo tuachieni sisi mafundi. Buibui halifai majini: linakunywa maji, linakuwa zito, linazonga miguu. Shona suruali na kanzu pana ya kufika magotini, kitambaa cha kuvutika kisichoshika maji, rangi iliyokoza. Kanzu ifungwe na suruali kwa ndani kiunoni, isipande juu mtoto akielea. Mtandio uunganishwe na shingo. Aheda Zanetti, Mwislamu mwenzetu wa Australia, alibuni vazi la namna hii 2004. Na mradi wa Panje, Nungwi, umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, na wanawake wakiwa walimu. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

(Nanyi mabibi harusi! Mnashonesha magauni saba ya fungate ya hoteli ya pwani, mkifika huko kazi yenu kumpiga picha mume akiogelea.)

Wazazi, kabla hamjalipa matembezi yajayo, muulizeni mwalimu: mwanamke gani atawafundisha wasichana, wataingia majini saa ngapi, upande gani wa ufukwe? Kama hana jibu, pesa zibaki mfukoni.