Mpanda baiskeli asinyimwe koti la mvua

WAHENGA walisema aisifuye mvua imemnyea. Methali hii huwatatiza kidogo wanafunzi wangu wa isimu, kwa kuwa wengi wao huifasiri kana kwamba inahusu uzuri wa mvua. Ilhali maana yake ni ya ushahidi: anayelieleza jambo kwa uhakika ni yule lililompata. Kwa kigezo hicho, ninayo idhini ya kusema leo. Mimi hupanda baiskeli katika vilima vya Bomet, na mvua ya huku imeninyea mara zisizo idadi.

Najua baadhi ya wasomaji watashangaa kwamba mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu huenda kazini kwa baiskeli. Hata majirani hushangaa. Mzee mmoja aliyenikuta nimelowa chepechepe karibu na Silibwet aliniuliza kwa huruma, "Daktari, kwani gari limeharibika?" Nilipomjibu kwamba sikuondoka nyumbani na gari, alitikisa kichwa asiseme neno. Machoni pake baiskeli ni chombo cha mtu asiyejaliwa, na kulowa ni sehemu ya kutojaliwa huko. Fikra hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga, maana inawagharimu watu wengi, na zaidi ya wote watoto wetu.

Kwanza tuielewe mvua yenyewe. Watu wa pwani huugawa mwaka kwa kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Kwetu huku, hasa upande wa Konoin na mpakani mwa Kericho, mgawanyo huo hausaidii sana kwa sababu mvua hunyesha karibu kila mwezi, ikizidi kati ya Machi na Mei. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 katika mwaka wa kawaida, na ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Ukiteremka kuelekea Chepalungu mvua hupungua, lakini haikusahau.

Jambo la pili ni saa zake. Aghalabu asubuhi huwa na jua. Adhuhuri mawingu hukusanyika, pale upepo wenye unyevu wa Ziwa Viktoria unapokutana na ule utokao mashariki, na alasiri huwa ni kidindia. Basi ule msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu humdanganya anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Huangalia juu, akaona samawati, akaliacha koti msumarini. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: koti la mvua lifungwe kwenye karia, na likae hapo Januari hadi Desemba.

Ni nani hao wanaopanda baiskeli hadi leo? Ni kweli kwamba tangu serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda ya baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia na kupewa jina na mpaka huo, imepungua sana. Hata hivyo, bado wapo wapeleka maziwa wenye mitungi nyuma, vibarua wa mashamba ya chai, na wanafunzi wa shule za kutwa. Hao ndio ninaowasemea.

Uzoefu umenifundisha kwamba maji humfikia mpanda baiskeli kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka chini, na kutoka ndani. Watu wengi hupigana na yale ya juu pekee, kisha wakashangaa kwamba wamelowa vilevile.

Maji ya juu kila mtu anayajua. Zamani wengi walijifunika mifuko ya plastiki, hadi Kenya ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Siku hizi utamwona kijana amekata mfuko wa ndani wa gunia la mbolea, akatoa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Simcheki hata kidogo. Ni ubunifu wa maana. Bora zaidi ni joho pana la mvua linalotandazwa juu ya usukani, kwa kuwa hukinga mapaja na kuacha hewa ipite chini. Asiweze kulipata, jaketi jepesi la nailoni kutoka kwa wauza mitumba linatosha. Rangi iwe ya manjano au yoyote inayong'aa, si nyeusi, maana dereva wa lori hamwoni mtu mweusi tititi katika ukungu.

Tena tujihadhari na kofia ya koti. Ukigeuza shingo kutazama nyuma, kofia hiyo haigeuki nawe, na badala ya kuona barabara unaona kitambaa. Dawa yake ni kuvaa kapelo chini yake na kuifunga vizuri, ili vigeuke pamoja na kichwa. Ama mwavuli, huo ni wa waendao kwa miguu. Anayeshika mwavuli kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine katika mteremko wa kuingia daraja la mto Nyangores anaomba matanga.

Maji ya chini ndiyo yanayosahauliwa. Gurudumu la nyuma huyachota barabarani yakiwa yamechanganyika na tope, likayarusha mgongoni. La mbele huyarusha miguuni. Baiskeli za zamani, zile nyeusi tulizoziita Black Mamba, zilikuja na madigadi ndefu mbele na nyuma. Baba yangu alikuwa nayo moja, na sikumbuki kumwona na mstari wa tope mgongoni. Baiskeli nyingi za milimani zinazouzwa siku hizi huja bila madigadi. Juzi nilipolitaja neno hilo darasani, wanafunzi kadhaa walidhani ni la magari pekee. Kitu kikitoweka, neno lake nalo hupungukiwa na kazi.

Nilimuuliza fundi mmoja mjini Bomet kwa nini huwang'olea watu hata zile madigadi chache zilizobaki. Akanijibu, "Mwalimu, udongo wetu ni gundi. Ukipita njia ya udongo baada ya mvua, tope linajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka." Fundi hakukosea. Lakini dawa ya tatizo hilo ni kuiinua madigadi iachane na tairi kwa upana wa vidole viwili, na kubeba kijiti cha kukwangulia tope. Mahali pasipo na nafasi, kipande cha mpira wa tairi kuukuu kikifungwa chini ya karia huzuia sehemu kubwa ya maji.

Kuhusu miguu, nimejaribu viatu vya ngozi, gambuti na akala. Gambuti ni nzuri iwapo suruali itateremshwa nje yake; ukiichomeka ndani, maji hufuata suruali na buti hugeuka ndoo. Katika masika mimi hutumia akala, nikabeba soksi na viatu vikavu ndani ya mfuko uliofungwa barabara. Mguu hukauka upesi kuliko kiatu.

Maji ya tatu ni jasho. Mnamo 1823 Mskoti Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kilichounganishwa kwa mpira, kisichopitisha maji. Jina lake bado linatajwa katika wadi za wazazi humu nchini, ambako mama mjamzito huambiwa aje na makintoshi. Kitambaa hicho kina hila moja: kisichopitisha maji kuingia hakipitishi pia kutoka. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua namna ya kutengeneza utando unaozuia matone na kuachilia mvuke wa jasho, nao ukawa Gore-Tex, lakini bei ya makoti yake si ya mkulima wa kilo chache za majani chai. Kwa hiyo sisi wengine tutumie akili badala ya fedha. Unapopanda kilima, fungua koti kifuani na uende polepole. Mvua kidogo ya mbele ni afadhali kuliko jasho la kifua kizima. Ukifika kileleni, lifunge kabla ya kuteremka, kwa sababu upepo wa mteremko juu ya nguo zenye unyevu hunyang'anya mwili joto kwa kasi kubwa. Ndani vaa sweta ya sufu, ambayo hupasha joto hata ikiwa na unyevu. Shati la pamba likilowa hukugandia kama kitambaa cha mgonjwa wa homa.

Nisisahau breki. Zile za kubana rimu ya chuma hulegea mno zikilowa, hivyo zishikwe mapema na kwa wepesi ili zipanguse maji kabla ya kuhitajika. Baiskeli za Buffalo, ambazo zimesambazwa kwa wanafunzi katika sehemu mbalimbali za Afrika, zina breki ya kukanyaga nyuma iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, mahali mvua isipofika. Na ikianza radi au mvua ya mawe, ujasiri wote uwekwe kando. Usikimbilie mti ulio peke yake. Tafuta paa la kituo cha kukusanyia majani chai, ungoje.

Wenye kudhani kwamba haya ni mambo ya maskini na wautazame mfano wa Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Kule hakimu na mwanafunzi huendesha mvuani bega kwa bega, na wana msemo kwamba mtu hakuumbwa kwa sukari. Lakini msemo huo una watu wa kuusimamia: baiskeli zao za kila siku huwa na madigadi na kifuniko cha mnyororo, na afikaye kazini amevaa koti la mvua hapati mtu wa kumcheka wala wa kumvua.

Hapo ndipo ninapofikia maji ya nne, yale tunayomwagiana sisi wenyewe.

Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa iliyo kilomita saba kutoka kwao. Nilimtafutia baiskeli, nikamnunulia na joho la manjano. Aprili hiyo mvua iliacha mazoea yake, ikawa inanyesha tangu usiku hadi asubuhi. Baada ya wiki mbili nikaambiwa kwamba siku za mvua haendi shule. Nilipomuuliza, alinijibu akitazama chini, "Mjomba, njiani silowi. Nikifika langoni naambiwa nilivue, kwa sababu si sare. Nalowa kutoka langoni hadi darasani."

Alikuwa ameshinda mvua kwa kilomita saba, akashindwa na hatua mia mbili za mwisho. Kisha alikaa na nguo hizo hadi jioni. Si baridi yenyewe inayoleta nimonia, bali vijidudu. Lakini mtoto anayetetemeka hashiki kalamu sawasawa, wala hasikii anachofundishwa. Mamake alifikiria kumlipia bodaboda, akapiga hesabu ya nauli ya juma zima, akaona haiwezi kutoka katika malipo yake ya majani chai.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu niliyeonana naye alinipokea kwa heshima, akaniambia, "Daktari, tukiruhusu koti moja la manjano, kesho watakuja na majaketi ya kila rangi." Siipuuzi hoja hiyo. Sare huficha tofauti kati ya mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho, na mimi mwenyewe nilifichwa nayo. Hata hivyo, koti la mvua si vazi la darasani. Ni chombo cha safari, kama baiskeli yenyewe, na hakuna shule inayodai baiskeli ziwe na rangi ya sare. Muhula ulikwisha amri ikiwa palepale, na katika daftari la mahudhurio siku za mvua zilibaki mapengo.

Ndiyo maana natoa ombi. Bodi za shule za kutwa katika nchi ya chai ziruhusu koti lolote la mvua lifike hadi mlangoni mwa darasa, na nyuma ya darasa pawekwe kamba ya kuanikia. Wafadhili na wabunge wanaogawa baiskeli mbele ya wapiga picha wahakikishe kwamba kila moja ina madigadi, na juu ya karia yake pamefungwa koti. Baiskeli bila vitu hivyo ni msaada wa kiangazi tu. Serikali ya kaunti nayo, inapotengeneza barabara, iache ukingo wa lami wa kupita baiskeli, ili mpeleka maziwa asichague kati ya mtaro uliojaa maji na tairi za lori.

Hatuombi mvua iache kunyesha Bomet, maana ndiyo inayotulisha. Ombi la kwanza kati ya haya halihitaji bajeti wala waraka kutoka Nairobi. Linahitaji kamba, misumari miwili, na mtu mmoja langoni atakayemwambia mtoto, "Pita na koti lako."