Miaka mitatu si urasimu

Nimepotea kidogo, mnajua tena kipindi cha timed test, mtu unakula kwa mahesabu na kulala kwa mahesabu. Leo nimepata nafasi, na nina jambo linanikereketa tangu juzi.

Juzi pale vimbwetani kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alileta habari ya mke na mume kutoka Ulaya waliokuja kujitolea kwenye kituo cha watoto huko mkoani, wakampenda mtoto mmoja, wakataka waondoke naye. Wakaambiwa sheria inataka wawe wameishi nchini miaka mitatu. Basi meza nzima ikawaka: urasimu huo, roho mbaya hiyo, watu wanatafuta rushwa, mtoto wa watu anakosa maisha! Upande wa pili nilibaki peke yangu. Kwa kuwa kelele zilinizidi, naandika hapa ambako hakuna wa kunikatisha.

Msimamo wangu ni huu: ule ugumu unaomkuta mgeni anayetaka kuasili mtoto haukuwekwa kumkomoa mgeni. Umewekwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakutajwa hata mara moja kwenye ubishi wetu, yaani mzazi au ndugu wa yule mtoto.

Tuanze na sheria yenyewe, manake wengi tunaibishia bila kuisoma. Sheria ya Mtoto iliyopitishwa mwaka 2009 iliandika kwamba mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Asiye raia akaongezewa masharti. Awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingine. Alete barua ya mamlaka za kwao kwamba anafaa, na aihakikishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Halafu kuna sharti ambalo watu wanaliruka: iwe imeonekana kwamba mtoto hakupata familia nyingine ya kufaa wala malezi mazuri kwa njia nyingine. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema kuasiliwa nje ya nchi liwe jambo la mwisho kabisa kufikiriwa.

Kwa nini la mwisho? Kwa sababu kuasili si kulea, na hapo ndipo kwenye mtego.

Mimi mwenyewe kidato cha kwanza mpaka cha nne nimesoma nikiwa kwa mama mdogo, Morogoro. Mama alinifikisha na begi na godoro, akasema, "Mdogo wangu, mwanao huyo." Kila mtu pale alielewa maana yake: mlee, msomeshe, mchape akikosea, Desemba arudi nyumbani. Hakuna aliyedhani mama kanitoa. Nina hakika nusu ya mnaosoma hapa mmekulia kwa shangazi, kwa bibi au kwa kaka mkubwa. Na ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba kulea yatima kuna thawabu kubwa, lakini mtoto abaki na jina la baba yake. Kwetu mtoto anaongezewa wazazi, hapunguziwi.

Kuasili kisheria ni kitu kingine kabisa. Amri ya mahakama ikishatoka, haki na wajibu wote wa mzazi wa kuzaa vinakatika na kuhamia kwa mzazi mpya. Jina, urithi, uamuzi wa mtoto aishi wapi, vyote vinahama. Sasa mchukulie mama wa kijijini anayeambiwa kuna watu wanataka kumsomesha mwanao. Anasikia ile lugha ya mama yangu na mama mdogo. Karatasi anayowekewa mbele aweke dole gumba inasema lugha nyingine. Wamesema maneno mawili tofauti, wote wakaitikia ndiyo.

Msidhani natunga. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mume wa wakili huyo kwa utapeli wa kuasili watoto. Wazazi vijijini walikuwa wakiahidiwa kwamba watoto wanapelekwa Kampala kuendelezwa kielimu. Kumbe huko wanatafutiwa familia Marekani. Elimu, jamani! Kitu kilekile tunachokisomea hapa Mlimani ndicho kilichotumika kama chambo.

Na angalieni mlango waliopitia wengi nchini humo. Sheria ya Uganda nayo ilikuwa inataka mgeni akae miezi 36. Watu hawakukaa. Waliomba mahakamani amri ya ulezi tu, wakaondoka na mtoto, kisha wakamalizia kuasili kwao. Mwaka 2016 Bunge la Uganda likaurekebisha mpango huo: ulezi wa aina hiyo ukabaki kwa raia, na muda wa kukaa ukashushwa hadi mwaka mmoja. Kwangu somo ni kwamba sharti refu lenye mlango wa uani halimlindi mtu.

Halafu kuna hili neno yatima. Tunalitumia ovyo sana. Oktoba 2007 kikundi cha Wafaransa kilikamatwa Chad kikijaribu kuwasafirisha kwa ndege watoto 103, kikisema ni yatima wa Darfur. Ilipochunguzwa, wengi wao walikuwa Wachad na walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Malawi nako, mtoto ambaye mwanamuziki Madonna alimchukua mwaka 2006 alikuwa amefiwa na mama, lakini baba alikuwepo. Baba huyo alinukuliwa na waandishi wa habari akisema hakuelewa kwamba anamtoa mtoto moja kwa moja, ingawa pia alisema hataki kuuzuia mpango huo. Mnaona? Kauli zote mbili zinatoka kwa mtu mmoja, na mimi sioni uongo kwenye hata moja. Alimtakia mwanawe mema, na hakutaka kumpoteza.

Sasa, upande wa pili nao una hoja, na sitaki kujifanya siioni. Mtoto hasubiri kukua mpaka mafaili yakamilike. Yupo mtoto ambaye kweli hana mtu, ndugu wametafutwa hawakuonekana, au ana ugonjwa ambao familia nyingi zinaogopa kuubeba. Huyo kila mwaka anaoupitisha kituoni ni hasara. Na kufunga milango ghafla kunaumiza vilevile: Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa, na wapo ambao tayari walikuwa na wazazi wapya kisheria lakini wakabaki wamekwama hadi mwaka 2016. Ethiopia yenyewe ilipiga marufuku kabisa mwaka 2018. Mimi siombi marufuku.

Ninachoomba ni kwamba ule muda utumike kwa kazi yake. Mtoto akifikishwa kituoni, msako wa ndugu uanze wiki hiyohiyo, sio siku mgeni anapompenda. Familia za hapahapa zinazotaka kuasili ziulizwe kwanza. Na mzazi anayesaini aelezwe kwa lugha anayoiota usiku, awepo mtu asiyelipwa na upande wowote, aulizwe swali moja la wazi: unajua kwamba Desemba hatarudi? Akisema ndiyo, na akarudia ndiyo baada ya miezi kadhaa, basi hapo sina neno.

Halafu kuna suala la fedha. Familia ya Marekani inayoasili mtoto nje hutumia makumi ya maelfu ya dola, ukijumlisha wakala, wanasheria na safari. Bibi anayempeleka mjukuu kituoni mara nyingi kilichomshinda ni maziwa, sare na nauli ya hospitali. Mtu anayesema anampenda mtoto huyo angeuliza kwanza bibi amepungukiwa nini. Huenda jibu lingekuwa dogo kuliko tiketi moja ya ndege.

Kama bado mnaona nawaonea wageni, wasikilizeni watoto wenyewe wakishakuwa watu wazima. Korea Kusini imetoa nje watoto wapatao 200,000 tangu miaka ya 1950. Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza kwamba kumbukumbu zilichezewa, na wapo walioandikwa yatima ilhali wana wazazi. Uholanzi ilisimamisha uasili wa nje Februari 2021 baada ya uchunguzi kukuta uovu kama huo kwenye watoto waliotoka nchi kadhaa. Hao ni watu waliosomeshwa vizuri, wamekula vizuri, wengi wamependwa kweli. Bado wanapanda ndege kwenda kutafuta jina la mama yao kwenye daftari la hospitali. Ushibe vipi, swali la "mimi wa nani" halishibi.

Walimu watarajiwa wenzangu, hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. BTP inakuja. Darasani mtakuta mwanafunzi anayetoka kituoni, kwenye rejesta kaandikwa yatima. Msiliamini hilo neno haraka. Mwulizeni taratibu likizo anapenda kwenda wapi, na nani aliwahi kuja kumwona. Akitaja shangazi, bibi au kaka, andikeni jina na kijiji, mkampe afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Mistari miwili hiyo ya kalamu ya mwalimu inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee mahakamani inayosema mtoto huyu ana mtu.

Nawasilisha. Kesho saa moja asubuhi nina semina ya Saikolojia ya Elimu na bado sijasoma hata ukurasa. Usiku mwema wadau.