Tembo wakiingia shambani, Robanda hutazama filamu

Ikifika saa moja jioni, njia za Robanda hubaki tupu. Kijiji hiki cha Wilaya ya Serengeti kiko jirani na hifadhi, na tembo hawaulizi shamba ni la nani. Wenye mahindi hupanda dungu na tochi zao, wanaobaki nyumbani hufunga mlango mapema.

Katika nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa mabinti wawili, saa hizo ndizo za filamu na vitabu. Wana kompyuta ya mitumba, flashi mbili na sola ambayo siku ya mawingu hukata umeme hadithi ikiwa imenoga. Mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo darasa la sita. Baba yao huwa shambani, ila dungu haliko mbali, na sauti za filamu humfikia.

Msimu huu uchaguzi wa filamu haukuwa wa kujifurahisha tu. Mwezi wa 10 bibi yao mzaa mama, anayeishi upande wa Tarime, alipiga simu kuomba wajukuu waende kwake shule zikifungwa. "Wamekua hawa," alisema. Mama alielewa. Yeye ni Mkurya, na kwao likizo ya Desemba katika miaka ya saro ndiyo wakati ambao wasichana hukeketwa. Alimsalimia mama yake vizuri, akakata simu, akakaa siku tatu bila kumwambia mumewe.

Filamu ya kwanza waliyoitazama haikuhusu jambo hilo. Ilikuwa "Serengeti Shall Not Die" ya Mjerumani Bernhard Grzimek, ya mwaka 1959, iliyopata tuzo ya Oscar. Watoto walicheka kuona ndege iliyopakwa mistari kama pundamilia ikiruka juu ya nyika wanayoijua. Mdogo alihesabu nyumbu mpaka akachoka, kisha akauliza watu wa huku walikuwa wapi siku zile. Swali zuri, kwa kuwa filamu ile inawaona wanyama vizuri kuliko inavyowaona majirani zao. Mama aliwaeleza kuwa Michael, mtoto wa Grzimek aliyekuwa akirusha ndege hiyo, alikufa Januari 1959 baada ya kugongana na tai angani. Akazikwa Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 alikuja kuzikwa pembeni yake. Hapo wote walinyamaza.

Ya pili ndiyo iliyobadilisha jioni zao. "In the Name of Your Daughter" ni filamu ya matukio halisi iliyotoka mwaka 2018, ya Giselle Portenier wa Kanada, na imepigwa wilayani kwao. Mabinti waliutambua mji wa Mugumu, wakaanza kunyoosheana vidole kwenye skrini. Humo binti wa miaka 12 anatoroka kwao ili asikeketwe. Yumo Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mdogo na nusura afe kwa kutokwa damu, akiwapokea wasichana katika Nyumba Salama ya Mugumu. Wamo pia polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wakikimbizana na muda.

Sehemu ngumu kuliko zote ni Desemba ikipita. Wasichana wanarudishwa kuonana na wazazi, na wazazi wanatakiwa kuahidi kwamba hawatawakata. Wapo wanaokubali na wapo wanaoondoka. Kisha kuna hesabu ya ng'ombe, maana binti aliyekeketwa huletewa mahari kubwa zaidi, na filamu haifichi hilo. Mkubwa alimgeukia mama yake akauliza kama na yeye alikatwa.

Mama alijibu ndiyo. Aliwaeleza kwa nini yeye mwenyewe alitokwa damu nyingi siku aliyomzaa huyo mkubwa, na kwamba kovu halitanuki kama ngozi nyingine mtoto anapotoka. Hayo wahudumu wa afya huyasema kliniki kila siku pamoja na habari za maambukizi na pepopunda, lakini ndani ya nyumba ile yalikuwa hayajawahi kusemwa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15.

Wiki iliyofuata alitoa kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, "The River Between", cha mwaka 1965, akawa anawasomea na kuwafafanulia kwa Kiswahili. Huyu Muthoni aliwachanganya kabisa. Ni binti wa mhubiri aliyepiga marufuku tohara nyumbani kwake, naye anatoroka kwenda kutahiriwa, kidonda kinaoza, anafikishwa hospitali akiwa amechelewa. Mdogo aliona ni ujinga. Mkubwa alibisha: Muthoni alikatazwa tu, hakuna aliyekaa naye akamweleza au akamsikiliza. Wakabishana mpaka sola ikakata.

Kwa baba alimpelekea "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi pamoja na chakula cha usiku. Riwaya hiyo ya mwaka 1971 ni ya Ukerewe, na iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa kuonekana imesema mno. Ina mambo ya kuudhi, na mwisho wake ni mzito. Lakini mwanzoni kuna Zakaria, baba mlevi anayempiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na mzazi yeyote akisoma hapo ataweka kitabu chini kidogo. Baba, ambaye tangu amalize shule hakuwahi kusoma riwaya, aliisoma kwa tochi usiku nne akilinda mahindi.

Siku ya tano aliteremka asubuhi, akanawa, akaomba chai.

"Mama watoto," alisema, "huyu Zakaria kwa nini hakumuuliza mtoto kwanza?"

Mama akaona hiyo ndiyo nafasi. Akamweleza habari ya simu ya Tarime. Baba alikaa kimya, kisha akachukua simu yake, akampigia mama mkwe mwenyewe, jambo analolifanya mara chache sana. Alimwamkia kwa heshima zote, akamwambia likizo hii watoto hawatakuja, na kwamba wamemtumia nauli aje yeye Robanda ale sikukuu nao.

Bibi hakupenda. Alisema atafikiri. Mabinti wameshachagua flashi ya kumwekea akifika.