Dawa ya pili iko ng'ambo ya mkondo

Mwanamume wa Unguja akiona korodani imevimba, neno la kwanza linalomjia ni busha. Hana kosa. Matende na mabusha yaliisumbua pwani hii vizazi na vizazi, hata mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kugawa dawa za kinga kwa umma mzima. Lakini busha ni maji: ukilimulika kwa tochi, mwanga hupenya. Uvimbe wa saratani ni mgumu, aghalabu hauumi, na huwapata zaidi vijana. Aibu ikichanganyika na mitishamba, miezi inakwenda, na ugonjwa umeshapanda kwenye tezi za tumboni na mapafuni.

Tena ni saratani adimu kwa Waafrika. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone mgonjwa wa namna hiyo hata mmoja.

Ajabu ni kwamba hata ikishasambaa, ni miongoni mwa saratani zinazopona sana. Mwaka 1974, huko Indiana, Marekani, Dkt. Lawrence Einhorn alimpa mwanafunzi John Cleland mchanganyiko wenye sisplatini, dawa itokanayo na platinamu, madini wanayoyajua masonara. Dawa nyingine zilikuwa zimeshashindwa kumponya. Mapafu yakasafika, naye akaja kuwa mwalimu. Yaani aliyeifungulia njia tiba hii alikuwa mwenyewe mgonjwa "sugu".

Leo mgonjwa huanza na bleomisini, etoposidi na sisplatini kwa mizunguko ya siku 21: dripu siku tano mfululizo, kisha bleomisini kila wiki. Hapo ndipo mkaazi wa Nungwi anapoelemewa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, anakokwenda kutibiwa, iko Dar es Salaam. Boti kutoka bandari ya Malindi huchukua kama saa mbili, na hilo si tatizo kubwa; kubwa ni pa kulala, chakula, na ndugu wa kumshika mkono anapotapika. Nauli isipopatikana, mzunguko unasogezwa, na seli zilizobaki zinapata nafasi ya kukua upya. Halafu jamaa husema dawa imekataa. Mara nyingine haikukataa, ilikatizwa.

Na ikikataa kweli? Njia bado ipo. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitangaza mwaka 2005 kwamba kati ya wagonjwa 46 ambao ugonjwa uliwarudia, 29 walipona na kubaki salama kwa paklitakseli, ifosfamidi na sisplatini. Walikuwa wale wenye dalili nzuri, ni kweli, lakini si haba. Einhorn naye mwaka 2007 alieleza njia kali zaidi: kuvuna seli mama za damu ya mgonjwa, kuzigandisha, kumpa kaboplatini na etoposidi kwa kipimo ambacho uloto wake usingestahimili, kisha kumrudishia seli zake. Kati ya 184, wagonjwa 116 walipona bila ugonjwa kurudi katika muda waliofuatiliwa. Hata miongoni mwa 40 ambao ugonjwa wao ulikuwa sugu kwa dawa ya platinamu ya kipimo cha kawaida, 18 walikuwa salama.

Baada ya hapo, gemsitabini na oksaliplatini huwaokoa wachache. Wengi hupata nafuu ya muda. Na si kila kivimbe kinachobaki ni usugu. Vipimo vya damu vikiwa vimetulia, huenda ni teratoma, uvimbe ambao hausikii dawa yoyote ila kisu.

Uvunaji wa seli mama si ufundi wa Ulaya na Marekani peke yake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, ikitumia seli za wagonjwa wenyewe, kwa saratani ya damu iitwayo myeloma. Mbinu ni ile ile. Kinachotakiwa ni mgonjwa wa korodani aliyerudiwa na ugonjwa afikishwe kwa mabingwa hao mapema, akiwa bado na nguvu, badala ya kupelekwa nyumbani akasomewe dua tu.

Serikali ya Zanzibar ikihesabu dawa, ihesabu na safari. Barua ya rufaa kutoka hospitali ya Mnazi Mmoja iandikwe tarehe zote za mizunguko tangu siku ya kwanza, jina la nyumba atakayolala Dar es Salaam, na tiketi za boti zibandikwe nyuma yake.