Oksijeni ya Shinikizo Ni Dawa, Nayo Ina Kipimo

Mwaka 1928 lilikamilika katika jiji la Cleveland, Marekani, jengo la ajabu: tufe la chuma lenye orofa tano na kipenyo cha karibu mita 20. Ndani yake wagonjwa walilala na kula huku mitambo ikisukuma hewa hadi shinikizo lake lipite lile la nje. Mwenye wazo hilo, Daktari Orval Cunningham, aliamini kuwa hewa hiyo ingeponya kisukari, kaswende na saratani. Chama cha Madaktari cha Marekani kilimtaka ushahidi mara kwa mara, naye hakuutoa. Hospitali ilifungwa katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia tufe lenyewe likavunjwa likawa vyuma chakavu.

Tufe limetoweka, ila ahadi zake zimerudi. Vyumba vya oksijeni ya shinikizo sasa hutangazwa katika vituo vya urembo na vya mazoezi kwamba huondoa uchovu, hurejesha ujana, humfufua mwanamichezo aliyechoka na hata kutibu usonji wa mtoto. Matangazo haya yanaazima heshima ya tiba ya kweli na kuivisha shughuli isiyofanana nayo, na hilo ndilo kosa lake kubwa.

Tiba ya kweli ipo, nayo inaeleweka. Katika hali ya kawaida karibu oksijeni yote ya damu hubebwa na himoglobini. Iliyoyeyuka katika maji ya damu ni kama mililita 0.3 tu kwa kila mililita 100. Mgonjwa akivuta oksijeni safi chini ya shinikizo la angahewa tatu, kiasi hicho kilichoyeyuka hufikia karibu mililita 6, ambacho kinakaribia kutosheleza mwili uliotulia. Daktari wa upasuaji Ite Boerema wa Amsterdam alilidhihirisha jambo hilo katika taarifa yake ya mwaka 1960, kwa nguruwe waliobaki hai ingawa damu yao ilikuwa imeondolewa karibu chembe zote nyekundu. Ndiyo maana tiba hii humfaa aliyelewa sumu ya moshi wa mkaa, mwenye gangrini ya gesi, na aliyeharibika mfupa wa taya kwa mionzi ya kutibu saratani. Anayeihitaji kwa haraka kuliko wote ni mpiga mbizi. Katika pwani ya Afrika Mashariki wapo wanaoshuka kwa mitungi ya hewa kutafuta majongoo bahari. Wakipanda juu upesi, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu, na kijana aliyeingia majini asubuhi akiwa mzima anaweza kutolewa akiwa amepooza miguu. Kwake chumba cha shinikizo ndicho tiba, na kila saa inayopita ina gharama.

Vyumba vinavyouzwa kwa ajili ya ustawi wa mwili aghalabu si vya aina hiyo. Vingi ni mifuko laini yenye zipu, inayofikia shinikizo la angahewa 1.3 na kujazwa hewa ya kawaida. Hesabu yake si ngumu: asilimia 21 ikizidishwa kwa 1.3 huwa asilimia 27. Aliyelala humo hupata oksijeni sawa na mtu wa usawa wa bahari anayevuta hewa yenye asilimia 27 ya oksijeni, na barakoa ya kawaida ya wodini hutoa zaidi ya hapo. Mifuko ya jinsi hiyo ina kazi yake ya heshima milimani, kwa mpandaji aliyezidiwa na ugonjwa wa kimo ambaye hawezi kuteremshwa mara moja. Mtu aliyekaa Dar es Salaam au Mombasa hana kimo cha kuteremshwa.

Wapo watakaosema kwamba wameingia na wametoka wakijisikia vizuri. Waaminiwe, kwani huenda ni kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanajeshi 50 wa Marekani waliopata mtikisiko wa ubongo waligawanywa: kundi moja lilipewa oksijeni kwa angahewa 2.4, jingine hewa ya kawaida kwa 1.3. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yake. Kupumzika, kuhudumiwa na kutumaini kuna nguvu yake, ingawa si halali kuitoza bei ya oksijeni. Mwaka 2020 nao ulikuja na habari kutoka Israeli kwamba uzee umerudishwa nyuma. Utafiti wenyewe ulihusu watu 35 wenye umri wa miaka 64 na zaidi, ulipima chembe zao za damu, na haukuwa na kundi la kulinganisha. Ni mwanzo mzuri wa swali. Wauzaji waliugeuza jibu.

Hatari nazo si za kufikirika. Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba oksijeni yenye shinikizo kubwa huleta degedege. Ngoma ya sikio huweza kupasuka, na mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu anaweza kufa. Kuliko yote kuna moto. Mwaka 1997 watu 11 waliteketea katika chumba cha shinikizo mjini Milan. Januari 2025, huko Michigan, mtoto wa miaka mitano alifariki chumba kilipowaka. Alikuwa amepelekwa kwa matatizo ya usingizi na ya umakini, ambayo hayamo miongoni mwa magonjwa ambayo tiba hii imeidhinishwa kuyatibu.

Hata hivyo, madhara yanayowahusu zaidi wasomaji wa hapa huenda yakaja bila moto, kupitia mguu wa mgonjwa wa kisukari. Kidonda cha kisukari kimo katika orodha ya tiba hii, na muuzaji hulijua hilo. Asichokisema ni masharti. Bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani huilipia pale tu kidonda kinapokuwa kimezama hadi kwenye jipu au mfupa, na matunzo ya kawaida ya siku 30 yakawa hayajaleta nafuu inayopimika. Hata hapo ushahidi unabishaniwa: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018 kwa wagonjwa 120 wenye mishipa iliyoziba haukuonyesha kwamba tiba hii iliongeza kwa kiasi cha maana uponaji wa vidonda au idadi ya miguu iliyookolewa, na kiasi cha theluthi moja ya waliopangiwa vikao hawakuvimaliza. Mgonjwa anayetumia akiba ya familia kulala katika mfuko wa angahewa 1.3, huku tishu iliyokufa haijaondolewa, sukari haijashuka na kiatu kilichomkata ndicho anachokivaa bado, anapoteza wiki ambazo mguu hauna.

Kwa hiyo muuguzi au tabibu akiulizwa kuhusu vyumba hivi, asicheke wala kukemea. Aulize ni shinikizo la angahewa ngapi, ni hewa au oksijeni safi, daktari gani ameandika, kwa ugonjwa upi, na nani anakaa nje ya mlango mashine ikiwa inafanya kazi. Kisha amwombe mgonjwa avue kiatu na soksi, miguu yote miwili.