Asilimia 40 yetu inakwama njiani



Juzi sokoni mama mmoja anayeuza samaki wakavu alinisimamisha. Alikimbia vita Djugu, analala ndani ya hema, na kila asubuhi analipa tiketi ya soko mbele ya kuuza hata samaki mmoja. Akaniuliza: «Papa wa redio, hizi franka tunazotoa zinaenda wapi?» Nilimwambia zinaenda kwa serikali. Akacheka. Kwa kweli sikumjibu vizuri.

Ningemjibu hivi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inasema kwamba kwa kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Tena inasema zikatwe palepale zinapokusanywa. Forodha ikipokea pesa Mahagi ao Aru, fungu la majimbo halipaswi kupanda ndege. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inashuka chini zaidi: katika fungu la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na machifu. Piga hesabu: katika zile franka 40, 24 ni za jimbo, 16 ni za huku chini, karibu na mlango wako.

Tunaona kinyume. Pesa inapanda yote Kinshasa, kisha kidogo kinarudi, siku Kinshasa inapotaka na kwa kiasi inachotaka. Ndiyo sababu watu wamezoea kusema «retrosesioni». Hilo neno linanichoma. Katiba haikusema turudishiwe, ilisema isiondoke. Gavana anayengoja pesa hawezi kupanga barabara wala maji. Anaitafuta karibu: kwa motari, kwa mwenye kioski, kwenye barieri, kwa mama wa samaki. Yule mama analipia pengo la asilimia 40, na yeye ndiye hana hata shamba.

Kinshasa ina utetezi wake, na siyo wote wa kutupa. Inasema inalipa walimu na watumishi wa majimbo, inagharimia vita, imefanya shule ya msingi kuwa bure tangu 2019. Sawa. Basi iandike hesabu hiyo wazi, franka kwa franka, ili tujue kilichokatwa na kilichobaki.

Lakini tusiilaumu Kinshasa peke yake. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, bunge la jimbo likasimamishwa. Miezi mingi imepita, utawala huo ukiongezwa kila siku 15. Hata pesa ikifika yote kesho, nani atamuuliza gavana mwanajeshi ameitumia kwa nini? Mimi naogopa jambo hilo sawa na ninavyoogopa pesa kukwama. Asilimia 40 bila wa kuihesabu itabadilisha mfuko tu.

Wengine wanasema dawa ni kuwa shirikisho, na wazee bado wanalitaja jimbo la Kibali-Ituri la miaka ya 1960. Rais naye alisema Kisangani, Oktoba 2024, kwamba katiba ichunguzwe upya. Mimi nauliza: kifungu kilichopo hakijafuatwa tangu 2006, kipya kitafuatwa na nani? Jirani zetu Kenya si shirikisho. Katiba yao ya 2010 inazipa kaunti 47 asilimia 15 tu, chini kabisa. Pesa yao pia inachelewa na magavana wanapiga kelele. Lakini kila mwaka mgawo unajadiliwa mbele ya watu, Seneti inabishana, na mwananchi anaijua namba.

Hiyo namba ndiyo ninayoiomba hapa Bunia. Kila miezi mitatu, karatasi moja: Kinshasa ilituma ngapi, jimbo lilikusanya ngapi, mji na machifu walipata ngapi. Ibandikwe sokoni na kwenye mlango wa komine. Haihitaji kubadili katiba, wala kungoja vita viishe.

Mama wa samaki, siku karatasi hiyo itakapotoka, nitaisoma kwa redio kwa Kiswahili, mara mbili, habari za asubuhi na za jioni.