Usiku Friji, Mchana Oveni: Nani Alichora Keja za Kapsoya?

Kama umewahi kulala Kapsoya kwa keja ya mabati isiyo na silingi, hii stori unaijua. Saa kumi alfajiri unaamshwa na tone la maji kwa uso. Unadhani mvua imeanza, unatoka nje kutoa nguo kwa kamba, kumbe mbingu ni safi na nyota zinakucheka. Ni mabati yanatoa jasho. Halafu siku hiyo hiyo saa tisa mchana, hasa kama ni Februari, unarudi kwa keja unapata Blue Band imegeuka supu. Usiku friji, mchana oveni, na rent ni ile ile.

Ukilalamika wasee wanakuambia, "Hii ni Sisibo bana, baridi ni ya Mungu." Baridi ni ya Mungu, sawa. Lakini paa ni ya landilodi. Na hapo ndipo naomba tubonge leo, juu Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024 na tangu hapo kila ukipita mtaani unapata shimo jipya la msingi. Kile kinajengwa saa hii watoi wetu watakikodi miaka hamsini ijayo.

Wacha tuanze na mahali tuko. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko hapo tu kusini, nusu digrii hivi. Hizo vitu mbili ukiziweka pamoja unapata hali ya hewa ya kipekee. Jua la mchana ni kali kwa sababu liko karibu na utosi mwaka mzima. Lakini hewa ya huku juu ni nyepesi, na usiku usio na mawingu joto lote linapanda juu linaenda zake. Mchana unaweza gonga nyuzi 24, usiku ukashuka hadi 10. Mombasa shida ni joto la saa ishirini na nne. Sisi shida yetu ni kuruka kutoka huku hadi kule ndani ya siku moja.

Sasa cheki vile mabati hufanya. Ni chuma nyembamba, haina mahali pa kuweka joto. Jua likitoka inawaka ndani ya dakika chache, likizama inapoa haraka mpaka inakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mkilala watu wanne kwa chumba, pumzi yenu inapanda, inagonga hiyo chuma baridi, inageuka maji. Ndio hilo tone kwa uso. Hakuna mahali paa inavuja, kwa hivyo hata ukiita fundi apake lami ataosha doo yako tu.

Jiwe ni tofauti. Ukuta mnene wa mawe unakula joto polepole mchana kutwa na kulitoa masaa kadhaa baadaye, wakati wewe unalihitaji. Shida ni kwamba ukuta ukiwa na mawe mazuri na juu kuna mabati tupu, joto lote linatorokea juu. Ni kama kuvaa jaketi nzito na kutembea kichwa wazi kwa mvua. Silingi ndio kofia. Hata ile ya mbao za bei ya chini inaweka hewa katikati, na hewa iliyotulia ni blanketi. Ukiuliza mimi, kama landilodi ana pesa ya kitu moja pekee kati ya geti la kuringa na silingi, aweke silingi. Lakini geti ndio mpangaji huona akikuja kucheki nyumba, silingi huiona usiku wa kwanza akiwa ashalipa deposit.

Wazee wa hapa walijua hii kitu bila shule. Nyumba ya duara ya Kikalenjin ilikuwa na ukuta wa udongo na paa nene ya nyasi yenye hewa ndani yake, moto katikati. Sisemi turudi huko. Moshi ulikuwa unaharibu macho ya mathe zetu, ndani kulikuwa giza, na nyasi inataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Hakuna mtu ataezeka nyasi kwa ploti ya 50 kwa 100 Kapsoya. Nasema tu wao walianza na swali, "hapa kukoje?", na sisi tunaanza na ramani iliyotoka simu ya binamu wa foremani.

Na usiniambie habari ya hapa kukoje ni ngumu kupata. Kituo cha hali ya hewa cha Eldoret kiko hapa hapa Kapsoya! Joto la usiku, mvua ya mwezi, upepo unatoka wapi, hizo vitu zimepimwa na kuandikwa kwa miaka na miaka, na uko umbali wa kutembea. Sijawahi kukutana na fundi, wala landilodi, aliyeingia pale kuuliza kabla achimbe msingi.

Tuje kwa jua. Huku karibu na ikweta, jua la saa sita linainama kaskazini kidogo kuanzia Aprili hadi Septemba, na kusini kidogo miezi ile mingine, na halizidi nyuzi 24 kutoka utosini. Hiyo ni rahisi: paa ikitokeza nusu mita hivi nje ya ukuta, madirisha ya kaskazini na kusini yanapata kivuli mchana. Jua la noma ni lile la pembeni. La asubuhi kutoka mashariki sisi tunalitaka, juu tumelala na nyuzi 10. La jioni kutoka magharibi ndilo hutesa, linakuja chini chini, paa haiwezi kulizuia, na linaingia hadi kwa kitanda.

So kwa Kapsoya vyumba vya kulala viangalie mashariki, na upande wa magharibi uweke ngazi, choo, bafu, stoo. Vitu ambavyo hata vikiwa moto hakuna anayelala huko. Najua mtasema ploti ndio huamua, barabara iko pale iko, huwezi zungusha. Ni kweli. Kwa 50 kwa 100 mara nyingi nyumba haigeuki. Lakini choo kinageuka. Ngazi zinageuka. Kuhamisha dirisha kwa karatasi ni bure, kuhamisha dirisha kwa ukuta ni maelfu.

Hapo tumebonga joto na starehe. Sasa tubonge kifo.

Zile tundu za hewa juu ya dirisha unazijua? Ziko kwa karibu kila nyumba ya kupanga Kenya, kwa sababu sheria za ujenzi za 1968 zilitaka chumba kiwe na njia ya hewa ambayo haifungiki. Nia ilikuwa nzuri. Lakini tembea Kapsoya Julai uangalie juu ya madirisha. Utaona gazeti, gunia, nguo kuukuu, hata sponji ya kiti. Watu wanaziba kwa sababu upepo wa usiku unapita hapo na kuwashukia kwa kitanda. Halafu kwa sababu bado kuna baridi, mtu anaingiza jiko la makaa ndani, anafunga mlango. Gesi ya makaa haina rangi wala harufu. Unapata usingizi mtamu na huamki. Kila msimu wa baridi tunasoma hizo habari, na comments huwa ni zile zile: "kwani hawakujua?"

Wengi wanajua. Lakini ukiwa na mtoi wa miezi mitatu anakohoa, hiyo hesabu unaifanya tofauti. Nyumba imempa mathe chaguo mbili mbaya, baridi ama moshi, halafu sisi tunamlaumu kwa kuchagua. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa usijaribu, hata kwa dakika kumi, hapo sina mchezo. Lakini pia sikubali kwamba suluhu ni kumhubiria tu. Keja yenye silingi, ukuta mnene na tundu iliyowekwa mahali ambapo haipulizi kitanda, haimlazimishi kuingiza jiko.

Sasa kuna wasee wanadhani haya ni maneno ya wazungu wenye pesa. Enda Mtwara, Tanzania. Huko walijengwa familia nyumba 110 zinazoitwa Star Homes, za ghorofa, vyumba vya kulala juu, kuta zinazopitisha upepo lakini si mbu. Halafu watafiti wakafuatilia watoto wa hizo nyumba kwa miaka, wakiwalinganisha na watoto wa nyumba za kawaida za kijijini, na malaria ikapatikana imepungua. Yaani nyumba ilipimwa kama dawa. Kwa Turkana, jengo la Startup Lions lililochorwa na Francis Kéré, yule jamaa wa Burkina Faso aliyeshinda tuzo ya Pritzker 2022, lina minara mirefu inayovuta hewa moto nje kama kichuguu cha mchwa. Harare kuna Eastgate, tangu 1996, inayotumia baridi ya usiku kupoza saruji ili mchana watu wasihitaji mitambo mikubwa ya kupoza hewa.

Lakini usikimbie kukopi. Ukileta ile nyumba ya Mtwara Kapsoya vile ilivyo, utaganda kabla ya saa nne usiku. Hao watu wote walianza kwa kupima mahali pao. Sisi hata utafiti mdogo hatujafanya: vipimajoto viwili, kimoja kwa chumba chenye silingi na kingine kwa chumba kisicho nayo, ploti moja, mwezi mmoja. Na Eldoret ina vyuo vikuu viwili vya serikali mlangoni. Hiyo ni projekti ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si ya benki ya dunia.

Gava nayo? Kila mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya nyumba nafuu tangu sheria ya Machi 2024, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa hivyo tuna haki ya kuuliza: fleti ya Eldoret inachorwa na nani, na ina tofauti gani na ya Mombasa? Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika Machi 1, 2025 na kustaafisha zile za 1968. Karatasi iko. Kinachobaki ni yule ofisa wa kaunti anayegonga muhuri kwa ramani. Akiuliza maswali mawili tu, jua la jioni linagonga chumba gani na silingi iko wapi, mtaa utabadilika kuliko semina kumi.

Na nje ya nyumba kuna kitu kinaniuma. Tumeweka kabro kila mahali. Ploti nzima, ukuta hadi ukuta. Inapendeza kwa picha, lakini mvua ikija maji hayana pa kuingia, yanashuka kwa jirani. Huku tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa ya mita 60 mraba, ukitoa tano moja ya kupotea, inakusanya lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita ishirini. Tunaiacha iende na mtaro, halafu Januari tunanunua maji kwa mkokoteni. Gata na tanki, na futi chache za udongo wazi upande wa magharibi zenye mti wa Nandi flame wa kukinga jua la jioni. Mkaratusi usipande hapo, unakunywa maji kama uko kwa sherehe.

Wiki iliyopita nilipita ploti moja karibu na kwangu. Wamechimba msingi, kamba zimevutwa. Nikamsalimia fundi, chamgei, nikamuuliza jua linazama upande gani. Akanyoosha mwiko bila kufikiria. Nikamuuliza vyumba vya kulala viko wapi. Akaangalia ramani, akaangalia mwiko, akacheka.

"Ni hapo hapo, mkubwa. Vyote vitatu."

Simiti inamwagwa Jumatatu.